Ukilipa mwenyewe bei haishuki, unaacha tu kwenda kwa daktari

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mtu aliyesomea uchumi, eti hizi bima za Marekani zenye kiwango kikubwa cha kujilipia ndo dawa ya gharama, maana mtu akitoa hela mfukoni atazunguka kutafuta bei nafuu na hospitali zitashusha bei zenyewe kama wauza simu. Jamani. Nafanya kazi ya klaimu (madai ya malipo ya bima) na kuandikisha wafanyakazi bima huku Marekani, na hili nalisikia kila msimu wa kuchagua bima ukifika. Leo naliandika lote, nikiulizwa tena natuma linki.

Ya msingi haraka haraka. Bima hizi zinaendana na HSA (Health Savings Account), na HSA sio bima, ni akaunti ya akiba ya matibabu. Bima ni ile plani inayokaa pembeni yake, yenye kiwango unachomaliza mwenyewe kwanza kabla bima haijatoa hela. Rais George W. Bush alisaini sheria ya akaunti hizi Desemba 2003, akaunti zikaanza Januari 2004. Kwa mwaka 2025 kiwango cha plani kilitakiwa kisipungue $1,650 kwa mtu mmoja au $3,300 kwa familia, na mwisho wa kuweka kwenye akaunti kwa mwaka ulikuwa $4,300 au $8,550. Hela inaingia bila kodi, inakua bila kodi, inatoka bila kodi ukilipia matibabu, na ukiacha kazi unaondoka nayo. Kwa mtu mwenye mshahara mnono na afya njema ni kitu kizuri sana, hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni hiyo habari ya mgonjwa kuwa mnunuzi. Mgonjwa anaamua jambo moja tu peke yake, kwenda au kutokwenda. Akishavuka mlango daktari ndo anasema pima hiki, rudi wiki ijayo, kamuone mtaalamu fulani, na hakuna anayesimama pale kwenye kitanda cha vipimo kuuliza kama jirani wanafanya kwa bei chini. Hili lilishaonekana zamani. Jaribio la RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, lililofanyika 1974 hadi 1982 liligawa familia kwa kura, wengine wakatibiwa bure, wengine wakalipa asilimia 25, 50 au 95 ya gharama mpaka wafike kikomo cha mwaka. Wa 95 walitumia karibu asilimia 30 pungufu kuliko wa bure. Watetezi wa soko wakifika hapo wanafunga kitabu. Si msome mbele! Waliolipa walipunguza kwenda kwa daktari, lakini wakishaingia, gharama ya kutibu ugonjwa wenyewe haikutofautiana sana na ya wenzao. Na walivyoacha havikuwa vya kipuuzi peke yake, waliacha matibabu ya maana na yasiyo na maana karibu sawa kwa sawa, kwa sababu mtu mwenye maumivu ya kifua hajui bado kama ni gesi au ni moyo, ndo maana anaenda kuuliza.

Kuna kampuni kubwa ya Marekani ilihamisha wafanyakazi wake 2013 kutoka bima ya kutibiwa bila kulipa kwenda bima ya kiwango kikubwa, watu wa kipato kizuri, na wakapewa na nyenzo ya kulinganisha bei. Matumizi yalishuka kama asilimia 12 hadi 14. Watafiti wakatafuta ushahidi kwamba watu walihamia kwa watoa huduma wa bei nafuu, hawakuupata, sio mwaka wa kwanza sio wa pili. Walipunguza tu huduma. Hata wagonjwa sana, ambao ilijulikana kabisa watamaliza kiwango kabla mwaka haujaisha, walijibana kipindi kile hawajakimaliza.

Dada mmoja niliyemhudumia aliambiwa Oktoba apige MRI (kipimo cha picha ya ndani ya mwili) ya goti. Akapiga simu sehemu tatu kuuliza bei, akiandika majibu nyuma ya bahasha. Ya kwanza wakataka namba ya kipimo, hana. Ya pili wakasema inategemea mkataba wa bima yako, muulize bima. Bima wakampa makadirio yenye pengo kubwa kati ya chini na juu. Ya tatu hawakurudisha simu. Na hospitali zinatakiwa kuweka bei wazi tangu Januari 2021, ndio, faili zipo, jaribu kulifungua moja ukiwa na goti limevimba. Akaamua asubiri kwanza. Alikuwa amebakiza kama $300 tu kumaliza kiwango chake cha mwaka.

Sasa yanayonisumbua mimi. RAND hiyohiyo ilikuta kwamba kwa watu wengi wa kawaida, kulipa hakukuharibu afya kwa kiasi cha kupimika, walioumia waziwazi walikuwa maskini wenye presha na wenzao wa hali hiyo. Kwahiyo siwezi kusema kila safari ya daktari iliyoachwa ni hasara, na wenzangu wanaosema hivo wanatia chumvi. Pia upasuaji wa macho wa leza watu wanalinganisha bei kweli, kwa vile mtu haumwi na ana muda. Na Julai 2019 serikali iliruhusu plani hizi zilipie insulini, inhela (dawa ya pumu ya kuvuta) na baadhi ya dawa za magonjwa sugu kabla ya kiwango kuisha. Imeruhusu lakini, haijalazimisha, kwahiyo angalia plani yako yenyewe, na kama nyumbani kuna mwenye pumu au kisukari anza kuangalia hapo kabla hujaangalia unakatwa ngapi kwenye mshahara.

Yule dada alipiga MRI Januari. Kiwango kilikuwa kimeanza upya, akalipa kipimo chote mwenyewe.