Jiwe Likisomwa Kichwa Chini

Mara kwa mara tunaletewa picha ya jiwe lenye mikwaruzo, na swali huwa lilelile: je, haya si maandishi ya wageni wa kale waliovuka bahari kabla ya wale tunaofundishwa shuleni? Swali hilo halistahili kubezwa, maana watu wa kale walisafiri mbali kweli. Ila jiwe moja lenye alama chache ni shahidi dhaifu mno.

Chukua jiwe la Bat Creek. Mwaka 1889 wachimbaji wa taasisi ya Smithsonian waliripoti kulipata ndani ya kilima cha maziko huko Tennessee, Marekani. Ni kijiwe kidogo, kina alama zisizofika kumi. Ripoti ya 1894 ikasema ni herufi za Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Marekani. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa lugha za Mashariki ya Kati akaligeuza juu chini, akalisoma kwa Kiebrania cha kale na kuona humo jina la Yudea. Basi ikavuma kwamba Wayahudi walifika Amerika zama za Warumi. Mwaka 2004 waakiolojia wawili wakaonyesha kuwa maandishi yale yanafanana mno na mchoro uliochapishwa katika kitabu cha Frimasoni cha mwaka 1870, yaani yaelekea yalinakiliwa humo na jiwe ni la kughushi.

Jiwe moja limewezaje kukubali lugha mbili? Kwa sababu msalaba, pembe na duara ni alama ambazo mkono wowote wenye patasi huzichora. Tena mwandiko wa kale wa Kiebrania kwa kawaida hauandiki irabu, kwa hiyo msomaji huzijaza mwenyewe. Ukiruhusiwa kuchagua upande wa kuanzia, lugha na irabu, hutakosa neno. Na jambo hili lina madhara. Katika karne ya 19 wengi walishikilia kwamba vilima vile vilijengwa na taifa jingine lililotoweka, na wenyeji ambao mababu zao ndio waliobeba udongo ule wakanyimwa sifa yao.

Usomaji wa kweli huenda mwendo mwingine. Vibao vya udongo vilivyochimbwa Knossos, kisiwani Krete, kuanzia mwaka 1900 vilikaa nusu karne bila kusomeka. Alama zake za sauti zilikuwa karibu 90: nyingi mno kwa alfabeti, chache mno kwa mwandiko wa alama moja kwa kila neno. Hivyo zilikuwa silabi. Kisha mtafiti Alice Kober akagundua maneno yanayobadilika mwisho tu. Fikiria mtu asiyejua Kiswahili anayekuta alama za so-ma na so-me, kisha pi-ma na pi-me. Hajui zinatamkwaje, lakini anaweza kukisia kuwa zile alama mbili za mwisho zina konsonanti moja na irabu tofauti. Kwa kazi ya namna hiyo, jedwali la alama zinazoshiriki konsonanti au irabu likajengwa kabla ya sauti hata moja kujulikana.

Mwaka 1952 Michael Ventris, msanifu majengo, akatangaza kuwa lugha ile ni Kigiriki. Wengi walitilia shaka. Mwaka uliofuata mwanaakiolojia Carl Blegen akajaribu jedwali lake juu ya kibao cha Pylos, huko Ugiriki, ambacho Ventris hakukitumia alipokuwa akilijenga. Palipochorwa vyungu vya miguu mitatu, silabi zikatoa *ti-ri-po-de*, yaani “vya miguu mitatu”. Penye chombo cha mikono minne pakasomeka *qe-to-ro-we*, “chenye masikio manne”. Penye chombo kisicho na mkono, *a-no-we*, “kisicho na masikio”. Picha na neno vikakubaliana mstari baada ya mstari. Jiwe la Bat Creek halijawahi kupewa mtihani kama huo, kwa kuwa hakuna maandishi mengine ya kulipima nayo.

Basi safari za mbali huthibitishwaje? Mara nyingi na takataka. Huko L'Anse aux Meadows, Kanada, Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, hawakuacha jiwe la kujisifu. Waliacha misingi ya nyumba, mabaki ya ufuaji chuma, pini ya shaba nyeusi, na magogo yaliyokatwa kwa chuma ambayo mwaka 2021 yalithibitishwa kuwa yalikatwa mwaka 1021. Kiazi kitamu nacho, zao la Amerika, kilikuwa kikilimwa Polinesia, visiwa vya bahari ya Pasifiki, kabla ya Columbus, kwa jina *kumara*, linalofanana na jina lake katika lugha za milima ya Andes, Amerika Kusini.

Yapo pia maandishi yanayoshuhudia, na ninayoyapenda kuliko yote yamo katika mhuri mdogo uliohifadhiwa Louvre, wenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Kwa mwandiko wa kikabari wa Mesopotamia, Iraki ya leo, unamtaja mwenyewe: Shu-ilishu, mkalimani wa lugha ya Meluhha. Wataalamu wengi wanaiweka Meluhha katika bonde la mto Indus, Pakistan na India ya leo, na mihuri ya Indus imechimbwa Ur, mji wa Mesopotamia. Mwandiko wa Indus bado haujasomeka. Mtu huyu alizijua lugha zote mbili, ya Mesopotamia na ya Meluhha, lakini mhuri wake umeandikwa kwa mwandiko mmoja tu.

Kwa hiyo ukikuta jiwe lenye alama, liache palepale lilipo. Udongo unaolizunguka, mkaa na vigae vilivyo kando yake hutueleza mengi kuliko alama zenyewe. Usilisugue wala usipake chaki kwenye michoro. Lipige picha asubuhi au jioni, mwanga ukilipiga kwa ubavu, weka rula kando yake, kisha uiarifu idara ya mambo ya kale.