Kuchelewa kwa lugha: maana yake, na mtoto asaidiwe vipi

Mtoto huhesabiwa kuwa amechelewa lugha anapoelewa au kusema machache kuliko wenzake wa umri wake. Neno la kwanza lenye maana hutoka karibu na mwaka 1. Akifika miaka 2, wengi wana maneno kama 50 na wameanza kuunganisha mawili: "mama njoo", "uji tena". Hesabu lugha zote anazosikia: mwenye maneno 20 ya Kiswahili na 30 ya Kimakonde ana maneno 50. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, kwa hiyo mzazi aongee naye lugha anayoimudu zaidi.

Kuelewa kupimwe kando na kusema. Mwambie "lete kiatu cha baba" bila kuonyesha kwa kidole wala kukitazama. Akikileta, hata kama haongei sana, ana nafasi nzuri ya kuwafikia wenzake. Asiyeelewa ndiye wa kuwahiwa, na ndiye anayesahaulika zaidi, hasa akiwa mpole.

Kabla ya yote, masikio. Usaha unaotoka mara kwa mara hupunguza usikivu, na moshi na msongamano ndani ya nyumba huzidisha maambukizi hayo. Apimwe hospitalini hata kama hugeuka mlango ukigongwa, maana anaweza kusikia kishindo na bado akakosa sauti nyembamba kama "s" na "f". Kukata kimio hakumpi mtoto maneno. Kunamwachia kidonda, damu na hatari ya maambukizi.

Umaskini huingilia kwa njia nyingi, lishe ikiwemo, lakini kubwa zaidi hapa ni kukosa muda. Mama anayetoka alfajiri na kurudi usiku anampenda mwanawe sawa na mama mwingine yeyote. Kazi ndiyo imekula saa za kuongea naye. Na lugha hujengwa kwa zamu: mtoto anatoa sauti au kuonyesha kitu, mkubwa anajibu hicho hicho, mtoto anaendeleza. Televisheni inasema siku nzima lakini haimjibu.

Zamu hufanyika hivi. Chuchumaa macho yenu yalingane. Ongelea anachokitazama yeye, si unachotaka wewe. Sema jambo moja, kisha nyamaza na uhesabu polepole hadi 5. Hapo ndipo wengi huharibu: kimya kinawasumbua, wanajibu wenyewe, na zamu ya mtoto imekwisha kabla hajapanga neno. Akisema "maji", mrefushie kidogo tu: "Maji ya baridi. Unataka maji ya baridi?" Usimlazimishe arudie, wala usimwandame kwa "hii nini, na hii nini?" Anayehojiwa hujifunza kunyamaza. Wakati wa kuogesha, kuchambua mchele au kufua unatosha. Hakuna cha kununua.

Kwamba msaada wa namna hii hufika mbali kumeonekana Kingston, Jamaika. Kuanzia 1986, wahudumu wa afya ya jamii walitembelea watoto waliodumaa wa miezi 9 hadi 24, saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kuongea na mtoto kwa vichezeo vya kujitengenezea. Miaka 20 baadaye kipato cha waliotembelewa kilikuwa juu kwa takriban asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata ziara hizo.

Kwa wa miaka 4 na 5, Uingereza ina mpango wa shuleni wa kukuza lugha uitwao NELI (Nuffield Early Language Intervention): wiki 20, vikundi vidogo mara 3 kwa wiki, dakika 30 kila kipindi, na vipindi 2 vya dakika 15 vya mtoto mmoja mmoja. Huendeshwa na wasaidizi wa walimu waliofundishwa. Mpango kama huu hudhoofika msaidizi anapoitwa kuziba pengo darasa jingine na kipindi kikarukwa.

Usisubiri kwa mtoto asiyepunga mkono wala kuonyesha kwa kidole akiwa na mwaka 1, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, umri wowote. Huyo apelekwe kliniki wiki hiyo hiyo, na mzazi aombe rufaa ya kipimo cha usikivu na mtaalamu wa tiba ya usemi.