Kihisi cha Vilipuzi Hakiwaki, Kinafifia

"Mwalimu, kitawaka lini?" Kila darasa jipya naulizwa hivyo, na safari hii muulizaji alikuwa ameshakitumia kifaa hiki cha kunusa vilipuzi mwaka mzima. Mwaka mzima akisubiri mwanga utokee!

Ndani ya kifaa mna kibomba cha kioo chenye utando wa polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo. Utando huo hung'aa tangu unapomulikwa kwa urujuanimno, mwanga tusiouona kwa macho, kilipuzi kiwepo kisiwepo. Mvuke wa kilipuzi kama TNT ukifika, unauzima. Molekuli ya TNT ina vikundi vitatu vya nitro (nitrojeni na oksijeni) vyenye uchu wa elektroni. Polima iliyosisimuliwa na mwanga huiachia elektroni, na nishati iliyopaswa kutoka kama mng'ao hupotea. Timothy Swager na wenzake wa MIT, miaka ya 1990, walionyesha kwamba nishati hiyo husafiri kwenye mnyororo mrefu wa polima, hivyo molekuli moja ikitua popote njiani inazima sehemu kubwa. Ni kama bomba la maji: likitoboka mahali pamoja, maji hayafiki mwisho.

Ndiyo maana nasema hadi koo linakauka: kabla hujagusa mzigo, vuta hewa safi, subiri mstari wa mng'ao kwenye skrini utulie. Usipojua utando uling'aa kiasi gani mwanzoni, utajuaje umefifia? Tena urujuanimno wenyewe huuchosha utando, kwa hiyo mstari hushuka taratibu hata pasipo na kitu. Unachotafuta ni kushuka kwa ghafla.

Wengine husema: "Kikinyamaza, ni salama." Hapana! Katika joto la kawaida TNT hutoa mvuke wa sehemu chache tu kwa bilioni ya hewa. RDX na PETN, vilipuzi vingine, hutoa mvuke mdogo zaidi ya huo, tena hazina pete ya benzini (ya atomi sita za kaboni) iliyomo kwenye TNT, hivyo utando uliotengenezwa kwa ajili ya TNT unaweza kuzikosa. Pangusa mpini na zipu kwa kitambaa, kisha kipashe joto kwenye kifaa; chembe zilizonata hapo husema zaidi kuliko hewa.

Wanaodhani kifaa huona ndani ya chuma kilichofungwa: hakioni. Kinanusa.

Mwanga unaotokea kweli upo kwingine. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walieleza jinsi walivyofungia bakteria ndani ya vishanga na kuvitawanya juu ya mabomu ya ardhini. Bakteria hao, wakifikiwa na mvuke wa DNT, kemikali inayoandamana na TNT, unaopenya udongo, hutengeneza protini inayong'aa, nayo husomwa kwa leza kutoka mbali.