Yule anaekaa nyuma sio mvivu: tunavyodanganyana kuhusu mbio za baiskeli

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuletwa Afrika, basi ghafla hata watu ambao baiskeli wanaijua ya kubebea mkaa tu wakawa wachambuzi. Raha tupu, ila yaliyosemwa mengine jamani, acha niyatoe rohoni.

"Yule kajibanza nyuma ya mwenzake mda wote, mvivu, hata akishinda hajastahili." Hii ndo nimeisikia kuliko zote. Kwenye tambarare mtu akienda kilomita 40 kwa saa nguvu yake nyingi inaishia kupasua hewa, sa ukijificha nyuma ya tairi la mwenzio unaokoa karibu theluthi ya nguvu hiyo, na ukiwa katikati ya kundi kubwa unaokoa zaidi. (Waliowahi kuendesha nyuma ya fuso wanajua, msijaribu lakini.) Kwa hiyo kukaa nyuma ndo akili yenyewe, anaekaa mbele bila sababu anawavuta wenzake bure halafu mwishoni wanampita miguu ikiwa bado mibichi.

Na hapo ndo inakufa ile nyingine, kwamba baiskeli ni mchezo wa mtu mmoja. Kwenye Tour de France, ile mbio kubwa ya wiki 3 kule Ufaransa, timu inaingia na watu 8 na mara nyingi wote wanamfanyia kazi mmoja, wanamkinga upepo, wanarudi kwenye gari kumchukulia maji, akipata pancha mwenzake anampa baiskeli yake yeye abaki pale pembeni. Mfano ninaoupenda ni wa 2022 siku ya kumalizia juu ya mlima Col du Granon. Pogačar wa Slovenia ana jezi ya njano, ya anaeongoza, wapinzani wake Vingegaard na Roglič ni timu moja, wakaanza kumchezea kwenye mlima wa Galibier, huyu anachomoka, Pogačar anamfuata, wakitulia tu yule mwingine nae anachomoka, Pogačar anamfuata tena, mwenyewe, maana alikua hana mtu wa kumfukuzia. Kufika mlima wa mwisho kaisha. Kwenye ule mlima mmoja Vingegaard alimwacha karibu dakika 3, akachukua njano na Tour nzima. Roglič siku hiyo alimaliza nyuma sana, lakini ushindi ule nusu wake.

Halafu kuna "bingwa wa Tour ni yule alieshinda steji nyingi". Hapana, steji ni mbio ya siku moja, na wanajumlisha mda wa steji zote 21, mwenye mda mdogo ndo bingwa, basi. Chris Froome, yule aliezaliwa Nairobi, alichukua Tour ya 2017 bila kushinda steji hata moja, na Egan Bernal 2019 vivyo hivyo. Upande wa pili Mark Cavendish ana steji 35, rekodi, na hakuwahi hata kuukaribia ubingwa wa jumla kwasababu yeye ni sprinta, mtu wa kasi ya mwisho. Tambarare inataka nguvu ghafi, mlima unataka nguvu ukigawanya kwa uzito wako, sa mtu mwenye misuli ya kulipuka mita 200 za mwisho ile misuli mlimani inageuka mzigo, Cavendish milimani alikua anapambana asizidishe mda unaoruhusiwa akafukuzwa mashindanoni.

Ambayo inanileta kwa ile inayoniudhi, "Waafrika tumeumbwa kwa milima, sprinti hatuwezi". Biniam Girmay wa Eritrea, Tour ya 2024, steji 3 na jezi ya kijani juu, ile ya pointi ambayo kwa kawaida ni ya masprinta. Tuishie hapo.

"Wanaochomoka mapema wanajichosha, kundi litawameza tu." Hii kwa kweli ina ukweli mwingi, kwenye tambarare watu wengi wanaopokezana upepo lazima wamshinde mmoja aliepigwa nao peke yake. Ila Olimpiki ya Tokyo, mbio za wanawake, Anna Kiesenhofer wa Austria, mwanahisabati asiekua hata na timu ya kulipwa, alichomoka mwanzoni kabisa, na kwakua hakukua na redio za masikioni za kupewa taarifa wale waliotegemewa kushinda wakapoteza hesabu ya nani yuko mbele, Van Vleuten wa Uholanzi akafika kwenye mstari akanyanyua mikono kushangilia dhahabu kumbe ni fedha. Na milimani mwendo unapungua, upepo nao haubani sana, kwa hiyo kundi linapoteza silaha yake. Ndo maana Kigali, kilomita 267.5 za vilima mwanzo mwisho, Pogačar aliweza kuondoka zikiwa zimebaki zaidi ya 100 na kuendesha peke yake 66 za mwisho hadi kushinda. Waliomaliza mbio ni watu 30 tu.

Wale waliotoka hapo wakisema Pogačar hapitiki, sijui wiki moja kabla walikua wapi, kwenye mbio za mtu na saa, ambazo kila mmoja anaanza peke yake kwa zamu, barabara za Kigali hizo hizo, Evenepoel wa Ubelgiji alianza dakika 2 na nusu nyuma yake na akamfikia akampita, Pogačar hata medali hakupata.