Foucault hakuiua nafsi

Dhana: Michel Foucault, mwanafalsafa Mfaransa, alisema mtu hayupo.

Uvumi huu umetoka ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha 1966, anapokisia kuwa "mtu" huenda akafutika kama sura iliyochorwa mchangani pwani. Waliosoma mbiombio wakasikia tanzia. Kumbe hakuwa akitusema wewe na mimi. Alimsema "mtu" kama mada ya elimu, mada ambayo kwa hoja yake ilizuka Ulaya kuelekea mwisho wa karne ya 18. Kuhusu nafsi, alichouliza ni inaundwaje. Katika makala ya 1982 alikumbusha kwamba neno lile lile, subject kwa Kiingereza au sujet kwa Kifaransa, ni anayetawaliwa na pia ni mwenye kujitambua, akazishika maana zote mbili. Chukua mfano wake wa gereza: mfungwa asiyejua lini anatazamwa huishia kujichunga mwenyewe. (Sisi tuliokaririshwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu darasani tusishangae sana: "ni-" ilikuwepo ikitungoja kabla hatujajifunza kusema.)

Dhana: Kama mamlaka yamo kila mahali, alivyosema Foucault, basi hakuna ujanja.

Mwaka 1971 yeye, mhariri Jean-Marie Domenach na mwanahistoria Pierre Vidal-Naquet walianzisha kundi la kukusanya habari za magereza ya Ufaransa. Walisambaza maswali ili wafungwa wajisemee. Hawakutaka kuwa wasemaji wao. Mtu aliyekata tamaa hahangaiki hivyo. Tena aliandika kwamba mtumwa aliyefungwa minyororo hayumo katika uhusiano wa mamlaka. Huko ni kulazimishwa tu. Mamlaka yanahitaji mtu anayeweza kugoma.

Dhana: Wanafalsafa wa "baada ya umuundo" (post-structuralism), yaani Foucault, Derrida na wengine waliohoji kama lugha na jamii zina muundo thabiti, ni chama kimoja.

Hapana. Jacques Derrida, mwanafalsafa mwenzake wa Ufaransa, alimkosoa Foucault hadharani mwaka 1963 juu ya namna alivyomsoma Descartes, mwanafalsafa wa karne ya 17, na Foucault akajibu kwa ukali mwaka 1972. Jina la pamoja lilishika zaidi katika vyuo vya Marekani.

Dhana: Uhakiki ni kutafuta kasoro.

Hii ndiyo inayoniudhi, maana imewapa kazi wasengenyaji wengi. Tarehe 27 Mei 1978, mbele ya wanafalsafa jijini Paris, Foucault aliuita uhakiki sanaa ya kutotawaliwa kiasi hicho. Hakudai tusitawaliwe kabisa. Aliuliza: kwa nini namna hii, na watu hawa, kwa madhumuni haya? Mfano wake mmoja ulikuwa Wakristo wa Ulaya waliorudi kwenye Maandiko wenyewe ili kuhoji mamlaka ya Kanisa. Walibaki waumini, wakiwa na Biblia mkononi.