Kolonoskopi: ulale kiasi gani?

Wagonjwa wengi ninaowapangia kolonoskopi, yaani kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, hutaka jambo moja tu: nusukaputi. Walale fofofo, waamke kazi imekwisha. Nawaelewa. Ila swali langu huwa jingine: nani atakuwa anaangalia pumzi zako wakati macho yangu yako kwenye skrini?

Ninachotumia zaidi ni midazolamu na fentanili, za mshipani. Ya kwanza huondoa hofu na kufuta kumbukumbu, ya pili hukata maumivu. Hulali moja kwa moja. Nikikuambia ugeuke, unageuka, halafu baadaye unaapa kwamba ulilala muda wote. Naanza na miligramu 1 au 2 za midazolamu, nasubiri dakika mbili tatu nione imekukolea vipi, ndipo niongeze. Mzee humtosha nusu ya hapo. Mnywaji wa kila siku huweza kunikodolea macho hata baada ya dozi ya pili. Kinachonipa amani ni kwamba ikizidi, ya kuizima ipo: flumazenili kwa midazolamu, naloksoni kwa fentanili. Zote huwa tayari kwenye toroli kabla sijashika kamera.

Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, ni habari nyingine. Chini ya dakika moja umeshazama, na ikikatwa unaamka upesi, kichwa chepesi, wakati midazolamu inaweza kukuacha na mang'amung'amu hadi jioni. Lakini haina dawa ya kuizima, hushusha presha, na kutoka kusinzia hadi kuacha kupumua si mbali. Ndiyo maana siichomi mimi. Anaichoma daktari wa usingizi asiye na kazi nyingine chumbani humo, na bili inapanda kwa sababu yake. Kwa mtu anayekoroma hadi pumzi zinakatika usiku, au mwenye moyo dhaifu, namwita daktari huyo hata kama mgonjwa hakuomba.

Bila dawa kabisa je? Inawezekana, na Norwei ni jambo la kawaida. Kinachouma hasa ni utumbo kuvutwa kamera inapojikunja, zaidi upande wa kushoto chini, pamoja na hewa tunayopuliza kuufungua. Nikitumia maji badala ya hewa, na nesi akikandamiza tumbo pale ninapomwonyesha, wengi huvumilia, kisha huvaa na kuondoka wakiendesha gari wenyewe. Mwanamke aliyetolewa kizazi simshawishi. Makovu huweza kuushika utumbo na kuubana, na maumivu yakawa makali.

Vyovyote utakavyochagua, tuambie ukweli kuhusu pombe, vidonge vya usingizi, kukoroma na jino linalolegea. Ukichomwa dawa, usiendeshe gari wala kusaini mkataba hadi kesho yake, na uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Dereva wa bodaboda hahesabiwi.