Shakwe wa Entebbe hawakupotea njia
Ukikaa ufukweni Entebbe utasikia watu wakisema shakwe wale wametupwa huku na upepo kutoka Mombasa. Si kweli. Shakwe kichwa-kijivu ni mwenyeji wa maziwa ya bara. Hutaga na kulea makinda Visiwa vya Musambwa, humo humo Ziwa Victoria. Mtazame akitua penye mitumbwi: mdomo mwekundu, miguu myekundu, kelele kama za mnadani akigombea utumbo wa sato. Wageni wapo, lakini ni buabua mabawa-meupe, ndege wa maji wa jamii ya shakwe, wanaojazana Ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, ardhioevu iliyo chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 2006. Hao hukimbia baridi ya Ulaya na Asia, kwa hiyo anayekuja Julai asitarajie makundi makubwa. Afike kati ya Novemba na Machi.